Kilichomla Fundi Gia

Sogeeni karibu, jamani, na wewe uliyeshika simu hebu iweke chini kidogo. Ninataka kuwaambia habari ya nyumba moja iliyobomoka kwa sababu ya vipele. Ndiyo, vipele. Namwona mmoja hapo ameshaanza kucheka. Acheke tu, tutaona kama atafika nacho kicheko chake mwisho wa habari.

Nyumba yenyewe haikuwa na makuu. Vyumba viwili na sebule, na nyuma ua wa saruji wenye bomba lisilokoma kudondosha maji. Mwenye nyumba alikuwa fundi wa magari ambaye watu wote walimwita Gia, kwa sababu gari likigoma kuingia gia, hata wakilijaribu mafundi wote, mwisho lilipelekwa kwake. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na hapo alishona mapazia, mashuka na sare za shule huku akijua nani kapita barabarani na kavaa nini. Walikuwa na binti mmoja, wa shule ya msingi, mwenye maswali kuliko hakimu.

Raha ya nyumba hiyo ilianza jioni, Gia aliporudi kazini.

"Bosi, gari limeingia!" hupaza sauti akiwa bado mlangoni. Bosi ndiye mkewe.

"Lina shida gani?" mshonaji hujibu bila kuinua macho kwenye pindo lake.

"Tangi tupu. Halijatiwa kitu tangu asubuhi."

"Basi lipelekwe kuoshwa kwanza. Hapa hatuhudumii magari machafu."

Na binti hucheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuyasikia. Maneno hayohayo, kila siku, na hakuna aliyeyachoka.

Ugomvi walikuwa nao mmoja tu, nao ni wa ovaroli. Siku iliponunuliwa ilikuwa ya buluu. Baadaye ungemuuliza Gia rangi yake angekujibu, "Ya kazi." Ilikuwa imelowa oili mapajani na makalioni, mahali anapojifutia mikono na anapokalia vyuma, mpaka kitambaa kikawa kizito na kinang'aa. Kule gereji fundi akija na ovaroli safi wenzake humpigia vigelegele na kumuuliza, "Vipi, leo unaoa?" Kwao uchafu wa nguo ndio cheti cha ufundi. Kwa hiyo Gia hakutaka ifuliwe. Lakini mkewe alikuwa na ujanja wake. Mwisho wa wiki, mume akijilaza mchana, yeye huichukua kimyakimya, akailoweka kwenye maji ya moto na sabuni nyingi, akaikanyaga kwa miguu kama anayeponda udongo. Gia akiamka hulalamika kwamba mke anamfukuzia wateja, kisha huivaa.

Sasa, jioni moja Gia alikuwa amemaliza kuoga, amekaa uani na taulo kiunoni, anajikuna. Mshonaji akapita na sufuria. Akaona mapaja ya mumewe yamejaa vipele vidogo vyekundu, vingine na kichwa cheupe cha usaha, kila kimoja kimeota pale unywele unapotokea.

"Na hivi je?"

"Ah, vipele tu, Bosi. Joto."

Laiti yangeishia hapo. Angemwambia, "Hebu kesho ukamwone daktari," nami leo nisingekuwa na la kuwasimulia.  Badala yake mshonaji alilibeba lile neno tumboni, akalala nalo, na asubuhi akaenda nalo kwa msusi.

Huyo msusi alikuwa shoga yake tangu usichana. Kibanda chake kilikuwa na viti, kioo kirefu na wanawake wasiokosekana. Mshonaji aliinamisha kichwa asukwe, akanong'ona. Jamani, mnakijua kibanda cha msusi. Kunong'ona mle ni sawa na kupiga filimbi.

"Mapajani?" Msusi alisimamisha vidole. "Umesema mapajani?"

"Mapajani, na kwa nyuma pia."

"Shoga yangu. Vipele vya joto na mapajani wapi na wapi? Joto linakaa shingoni, linakaa kwapani. Mapajani kuna la kwake." Akamvuta unywele kidogo, wakatazamana kwenye kioo. "Mimi sisemi kitu. Ila wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Wewe umekaa unamchemshia maji ya kuoga, mwenzio huko anakuletea magonjwa."

Mwanamke wa kiti cha pili aliguna. Mguno huo ulimchoma mshonaji kuliko maneno. Alirudi nyumbani kichwa kimesukwa vizuri na moyo umevurugika.

Jioni Gia alipopaza sauti kwamba gari limeingia, hakujibiwa. Binti alikuwa ametumwa dukani makusudi.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza.

"Nani yupi?"

"Aliyekupa hivyo vipele."

Gia alidhani ni utani. "Aliyenipa ni lori la mchanga. Nimelala chini yake kutwa, na lina mashepu kweli."

"Usinichekeshe! Nakuuliza tena, ni nani?"

Ndipo uso wa Gia ulipobadilika. Alikaa kwenye kiti na ovaroli yake, jambo ambalo siku nyingine lingemletea kelele. Akasema polepole kwamba hana mwanamke mwingine, hajawahi kuwa naye, na hata hajui angempata saa ngapi. Mkewe akatazama pembeni.

"Basi twende zahanati kesho," Gia akasema. "Twende wote wawili. Tukae mbele ya daktari, anipime, aseme, na wewe usikie kwa masikio yako."

"Mimi? Nikakae kwenye benchi lile watu wapite waniangalie? Nenda na huyo wako."

"Nikienda peke yangu, nikirudi na jibu utasema nimelinunua. Siendi mpaka uende na mimi, Bosi."

"Utangoja sana."

Ndugu zangu, hapo kila mmoja alishika upande wake wa kamba. Mke anaogopa kuonekana na watu. Mume hataki tiba bila shahidi, kwa sababu kilichomuuma zaidi hakikuwa vipele, kilikuwa jicho la mkewe. Ukaidi wake simsifu. Mwili haungoji watu wapatane.

Tangu siku ile mshonaji alitenga. Sahani ya Gia mbali, kikombe mbali, taulo mbali, ndoo mbali. Na ile ovaroli, aliyokuwa akiiiba mwisho wa wiki akaikanyaga kwa sabuni, sasa aliisukuma nje kwa ncha ya ufagio na kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Hakuigusa tena. Mtaniuliza, kwani Gia hana mikono yake? Anayo, na swali lenu ni la haki. Lakini mwanamume huyo kwa maisha yake yote aliamini kwamba nguo yenye oili ni heshima, na aliyekuwa akimlinda na heshima hiyo alikuwa mkewe. Kwa hiyo aliivaa vilevile, asubuhi mpaka jioni, na oili juu ya oili.

Vipele viliongezeka. Fundi wa umeme wa pale gereji, mtu mwema asiye na nia mbaya, alimwambia, "Pangusa petroli kaka, vitakauka." Msishangae. Kwa mafundi hao petroli ndiyo sabuni. Grisi kwenye vidole, petroli. Kutu kwenye nati, petroli. Gia akawa anajifungia chooni na kitambaa chake, anajipangusa petroli mapajani, machozi yanamtoka. Vilivyoiva alivikamua kwa vidole vilivyotoka kwenye injini. Ngozi ikakauka kweli, ikapasuka, na kila ufa ukawa mlango.

Na maneno nayo hayakukaa kibandani. Siku moja mteja alileta gari lake, na kabla Gia hajaingia kulijaribu, akatandika gazeti juu ya kiti. Gia akakaa juu ya gazeti, akalijaribu gari, akalitengeneza. Jioni alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Ulimwambia nani?"

Mshonaji aliona aibu, na aibu yake ikatoka kwa umbo la hasira. "Lisemwalo lipo," akajibu, "na kama halipo, laja."

 Tangu jioni hiyo gari halikuingia tena nyumbani kwa sauti. Alifungua mlango taratibu, akala kwenye sahani yake, akalala sebuleni juu ya mkeka. Binti alimuuliza mama yake kwa nini baba hataniwi siku hizi, mama akamwambia afanye kazi zake za shule.

Kisha likaota jipu kwenye paja, kubwa, gumu, lenye moto. Gia alichechemea akisema ni msuli. Asubuhi moja hakuamka kwenda kazini. Binti alikuwa amevaa sare, anatafuta viatu, akamkuta baba yake amejikunja na meno yanagongana.

"Mama! Baba anatetemeka!"

Mshonaji alisimama kwenye mlango wa sebule. Alimwona. Moyo wake ulitaka kwenda, naapa ulitaka, lakini mdomo ukatangulia. "Mwambie aliyempa ugonjwa aje amfunike."

Binti alimtazama mama yake, kisha akavua sweta lake la shule akamfunika baba miguu. Akaenda shule bila sweta.

Mchana mshonaji alipopita sebuleni Gia alikuwa akiongea na watu wasiokuwepo. Alikuwa anamwambia mtu fulani akanyage klachi, akanyage, asiachie. Jasho limemlowesha, macho hayamwoni. Hapo ndipo hofu nyingine ilipoila ile ya kwanza. Alitoka mbio bila viatu, akapiga kelele, majirani wakaja, na mteja mmoja wa gereji aliyekuwa akipita akampakia Gia nyuma ya gari lake. Njiani mke alimshikilia kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu ile siku ya msusi.

Daktari aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye haraka. Alifunua shuka, akatazama paja, akatazama lile jingine, akabonyeza pembeni ya jipu. Akaagiza dripu, akachukua damu, akatoa maagizo kwa wauguzi. Majibu ya damu yalipofika, akamgeukia mshonaji.

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi wa magari."

"Nguo zake za kazi anafua nani?"

 Mshonaji aliliruka swali hilo, akauliza lile lililokuwa likimsumbua. "Daktari, si ule ugonjwa? Wa... wa nje?"

"Tumempima. Hana ugonjwa wowote wa zinaa." Daktari alisema hivyo kama mtu anayesema saa. "Hivi ni vipele vya vinyweleo, mama. Kila unywele una tundu lake. Nguo yenye oili ikiganda kwenye ngozi kutwa nzima, inaziba matundu, inayasugua, vijidudu vinaingia, panavimba. Mafundi tunawaona sana, hasa mapajani na makalioni, kwa sababu ndipo nguo inapolowa. Na huyu nasikia harufu ya petroli, amejichoma nayo. Angekuja mapema ningemwambia abadili nguo kila siku, aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, asikamue, nimpe dawa ya kuua vijidudu, aende kazini kwake. Sasa vijidudu vimeingia kwenye damu. Tutajitahidi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mshonaji aliusikia ule usemi kichwani kwa sauti ya msusi, na kwa mara ya kwanza akauelewa vile ulivyo, neno kwa neno. Kilikuwa ndani ya nguo. Nguo aliyokuwa akiikanyaga kwa maji ya moto bila kujua kwamba anamtibu mumewe, kisha akaisukuma kwa ufagio. Akakaa sakafuni palepale, na wauguzi wakapita wakimruka.

Jioni Gia alipata fahamu kidogo. Midomo ilikuwa imekauka. Alimwona mkewe, akashangaa kwamba amemshika mkono.

"Daktari kasema nini?"

"Kasema ni oili. Oili ya kazi, baba. Huna kitu kingine."

"Umesikia wewe mwenyewe?"

"Nimesikia mwenyewe. Nisamehe. Mume wangu, nisamehe, mimi ni mjinga."

 "Nimekusamehe, Bosi," akasema. "Ila kawaambie na wale."

Akamwahidi atawaambia, wote, mmoja mmoja. Gia alifumba macho. Alifariki alfajiri, wakati mkewe ameenda kumtafutia maji ya kunywa.

Msibani mshonaji alitimiza ahadi yake. Hakungoja hata wageni watawanyike. Alisimama mbele ya wanawake waliojaa uani, macho yamevimba, akasema: "Mume wangu hakuwa na mwanamke. Hakuwa na ugonjwa wa aibu. Ni vipele vya oili, vikageuka jipu, likaingia kwenye damu. Mimi ndiye niliyemzushia. Daktari mwenyewe amesema." Wanawake wakaitikia, "Pole, mama. Pole sana." Wakamkalisha, wakampa maji. Na alipoinamisha kichwa alimsikia mmoja nyuma yake akimwambia mwenzake, "Sasa wewe ulitaka aseme nini? Mjane lazima amsitiri mumewe."

Alikwenda kwa msusi, akamkuta kazini. Akamwambia kila kitu, mbele ya viti vyote. Msusi alimsikiliza akilia machozi ya kweli, maana naye si mtu mbaya, ni mtu kama mimi na wewe. Lakini akauliza, "Shoga, mimi nimrudie nani? Niliowaambia wamewaambia wengine, nami siwajui."

Basi mshonaji akawa anazunguka. Mlango kwa mlango, gereji, sokoni, hata yule mteja wa gazeti alimtafuta. Wengine walimwamini. Wengine walimtazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Shuleni, binti aliambiwa asikae benchi moja na wenzake.

Wiki zikapita. Siku moja ya joto kali mshonaji alimwona binti amejifunga skafu shingoni, imekazwa mpaka kidevuni. Akamwambia avue, binti akasema ana baridi. Alipomsogelea, mtoto akarudi nyuma mpaka ukutani, mkono shingoni.

"Hebu nione, mwanangu."

"Hakuna kitu, mama."

Alipoifungua skafu taratibu aliona kipele. Kimoja, kidogo, chekundu, nyuma ya shingo pale nywele zinapoanzia, kile kinachoweza kumtoka mtoto yeyote aliyetoka kusukwa nywele za kubana. 

"Mama, sijafanya kitu kibaya," akasema. "Nakuomba usimwambie mtu."

Mshonaji alipiga magoti pale pale. Akataka kusema hatamwambia mtu, lakini sauti haikutoka, na mtoto akasoma ule ukimya vibaya. Akaifunga tena skafu yake.

FUNZO

Msikilizaji, usinipe pole mimi. Nenda nyumbani ukamtazame wako.

Vipele vinavyoota kwenye mashina ya vinyweleo si hukumu wala si ushahidi. Vinaletwa na nguo chafu na za kubana, na oili, na jasho, na wembe, na nywele za kusukwa kwa nguvu. Vingi hupona kwa maji ya uvuguvugu, sabuni, nguo safi na subira. Usivikamue, usivipake petroli wala chochote cha gereji au cha kubahatisha. Vikienea, vikiuma, vikigeuka jipu, au homa ikija, usingoje mtu wa kukusindikiza wala ugomvi uishe. Nenda kwa mganga wa hospitali siku hiyohiyo. Na wewe fundi unayejivunia uchafu wa ovaroli, ufundi uko mikononi, ifue.

Lakini kubwa kuliko hilo: ukimwona mwenzio ana kitu mwilini, muulize yeye kwanza kabla ya kuuliza jirani. Akikwambia "twende wote," nenda naye, kaa kwenye hilo benchi, na watu wapite wakuangalie mpaka wachoke. Damu ya Gia madaktari walijaribu kuisafisha wakashindwa. Jina lake mkewe analisafisha mpaka leo, na ndani ya nyumba yake mwenyewe kuna mtoto anayeumwa na anaficha.